Mzuka ukikata mi naandika kilichopo

Swali lenu la wiki hii mmeuliza msomaji anafanyaje hamu ya kuandika ikikata. Mi nauza nguo za watoto za mtumba soko la Memorial hapa Moshi na naandikia kwenye simu, kwa hiyo jibu langu ni la mtu wa sokoni, msitegemee makubwa.

Kiukweli siisubiri irudi. Nina riwaya imelala kwenye simu, niliianza kwa ajili ya ile Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, mshindi wa kwanza anabeba milioni 10, nani hazitaki aisee, nikaanza kwa kasi, ukoo mzima wa Kibosho unagombea kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo, halafu katikati ikagoma. Nikiifungua naona uvivu tu unanijia. Sasa watu wana ule ushauri wao, eti jilazimishe, kaa chini kila siku uandike hata kama hutaki. Labda unawafaa wenye meza ya kuandikia. Mi nimeshinda juani, nikirudi nipike, watoto walale, afu nijilazimishe tena? Kuandika kunageuka kama marejesho ya kikoba, unalipa huku umenuna.

Kwa sasa ninachoweza ni maneno ya watu. Stori ndefu haitoki, ila masikio yapo kazini balaa, basi naandika hayohayo. Juni baridi imeshuka masweta yanatoka, akaja mama mmoja mtu mzima, akachukua kasweta ka bluu akakanyanyua juani, akapitisha kidole kwenye kiwiko taratibu, halafu akakageuza ndani nje anaangalia mishono. Nikamwambia shikamoo mama, hako buku tatu, vifungo vyote vipo. Akasema marahaba mwanangu, vifungo naviona, kiwiko ndio kimeshasoma mpaka la saba. Akatoa buku mbili na akaondoka nako, ningebishana nini hapo! Alivyogeuka tu nikatoa simu nikaandika vile alivyosema, sikupamba, na niliipata ile raha ambayo kwenye riwaya niliisahau kabisa.

Rafiki yangu mmoja anasema huo sio uandishi, ni kunukuu wateja. Sawa, iwe hivyo. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa forodha, ameajiriwa miaka na miaka, na aliandika insha, mashairi, mpaka maisha yake mwenyewe, kwa hiyo sioni kwanini mi nione aibu kwamba msimu huu natoa vipande vya mistari mitatu minne. Vikiwa vifupi ni vifupi. Kuna siku hata hivyo havitoki, nafunga meza narudi nyumbani, nalala vizuri tu.

Riwaya sijaifuta, ipo. Wakifunga kupokea miswada ya tuzo mwaka huu bila yangu sitaumia sana (milioni 10 zitaniuma kidogo, nisiwadanganye). Ila yule mama wa sweta nimeshampa jina na wajukuu, na mmoja wao ana tabia mbaya sana, nacheka peke yangu mpaka jirani wa meza ya viatu ananiuliza nachati na nani.

Na nyie wa Arusha mnaoandikia kwenye vifodi, zile daladala ndogo, huo muziki wa konda mnauvumiliaje?