Mbio ipi ina mlima mkali zaidi?
Umelinganisha mbio zako mbili kwa kugawanya tu mita za kupanda kwa urefu wa mbio, ndipo ulipokosea. Ya kwanza umesema ni kilomita 10 zenye mita 600 za kupanda, ukapata 60 kwa kilomita. Ya pili ni kilomita 5 na mita 450, yaani 90. Ukaona ya pili ndiyo kali. Lakini ile ya kwanza mnapanda mpaka kileleni halafu mnarudi njia ileile! Kupanda kwenyewe ni kilomita 5 tu, na 600 kwa 5 ni 120 kwa kilomita, karibu asilimia 12. Ya pili inapanda mwanzo hadi mwisho, asilimia 9. Kwa hiyo hiyo ya kwanza ndiyo itakayokutoa jasho.

Mfano: mbio za mlima Ben Nevis kule Scotland, nazo za kupanda na kurudi, ni kama kilomita 14, mita 1,340 za kupanda. Ukigawanya zote unapata 96 hivi. Ukichukua upande wa kupanda pekee unakaribia 190.

Wastani nao unadanganya. Kilomita mbili tambarare kisha ukuta wa kilomita tatu si sawa na mlima unaopanda taratibu. Fungua ramani yenye kontua (mistari inayoonyesha mwinuko) uhesabu mita za kupanda kilomita moja moja. Mita za kupanda zinazoonyeshwa na saa ya mkononi usiziamini sana, saa mbili za watu wawili waliopita njia moja huweza kutofautiana, kwa hiyo linganisha namba zilizotoka chanzo kimoja.