Birika letu, mchanga wao

Nilipochaguliwa katibu wa kamati ya maji kijijini kwetu, wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, jambo la kwanza tulilopitisha lilikuwa birika la kunyweshea mifugo, hatua chache kutoka kisimani. Akina mama walikuwa wamechoka kugombania maji na ng'ombe. Tukajenga, tukapiga na picha.

Sikuuliza njia ya kufika pale inapita wapi. Kumbe inakatiza eneo ambalo kamati ya mazingira ililitenga kwa kisiki hai: visiki vya miti iliyokatwa, unapogolea machipukizi, unayaacha yakue. Kiangazi kimoja tu, machipukizi yote yakaliwa. Miezi hiyohiyo halmashauri ya kijiji ikaruhusu malori yachote mchanga korongoni. Tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, mji unajengwa kila kona, na mchanga ni hela. Ila mchanga wa korongo ndio tangi letu. Mvua za huku ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Zikiisha, maji hubaki yamejificha mchangani na watu huyafuata kwa jembe. Mchanga ulipochukuliwa, vidimbwi vikakauka mapema, mifugo yote ikahamia kwenye birika letu, pampu ikazidiwa.

Hakuna aliyevunja kanuni. Kila uamuzi ulikuwa na muhtasari wake na mhuri juu yake.

Kama uko kwenye kamati yoyote, ya maji, ya shule, hata ya barabara, kabla ya kupiga kura tembeeni kwanza, pamoja na kamati ambazo hamzioni kuwa zinahusika. Na mchukueni kijana anayechunga. Wenye ng'ombe ndio huja mkutanoni, lakini njia wanaijua watoto. Wetu alituonyesha palipokuwa na mapito ya zamani ya mifugo: pamefungwa na shamba la mtama lililogawiwa mwaka uliotangulia. Uamuzi wa nne huo, na sisi tulikuwa tumeshaanza kuwalaumu wafugaji! Nilimwambia, "Mbona hukusema, mdogo wangu?" Akajibu hakuna aliyemwita.

Wenzetu wa Kondoa walipitia hayo kwa ukubwa zaidi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye vilima vilivyomomonyoka. Nyasi zilirudi, miti ikarudi. Lakini ng'ombe hawayeyuki. Wengi walipelekwa maeneo ya jirani, na mzigo ukahamia huko. Ukimsikia mtu anasema "tumelimaliza tatizo", muulize limehamia kwa nani.

Jambo jingine dogo: msiitishe kikao cha pamoja wakati watu wanafukuza ndege mashambani. Tulifanya hivyo mara moja, tukapata watu tisa, wanne wakiwa viongozi. Sasa kamati zetu hukaa pamoja kabla ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ili ajenda zifike zikiwa zimeshasuguana.

Birika tumelihamishia ng'ambo ya pili, na mwenye shamba ameachia mapito kwa kufidiwa eneo jingine. Malori bado yanakuja, ila siku mbili kwa wiki, na hayavuki mbuyu mkubwa. Kuhusu ushuru wa mchanga, kama sehemu yake iende kwenye pampu au darasani, Jumamosi iliyopita tulibishana hadi giza likaingia.