Kwa Fundi Saa: Rolex ya tipu na Seiko ya marehemu baba

Meza yangu iko barazani, hatua chache kutoka mnara wa saa wa Moshi, na nimekaa hapo tangu 1993. Barua za mwezi huu ni nne. Mbili nitazijibu kwa kirefu, kwa sababu wenyewe walikuja na saa zao nikazifungua.

Shikamoo fundi. Mimi ni mwongozaji wa mlimani. Tulipanda kwa njia ya Machame, na tuliposhuka lango la Mweka mgeni wangu alivua saa yake akanipa juu ya tipu. Imeandikwa Rolex Submariner. Ni nzito, mshale wa sekunde unateleza bila kurukaruka, na nyuma ina kioo unaona mashine ikicheza. Kuna mtu Arusha anataka kunipa milioni mbili. Niuze, au anataka kunipunja?
*Kijana wa Machame*

Marahaba, kijana wangu. Ulifanya vizuri kupanda daladala ukaniletea badala ya kungoja gazeti. Nilichokwambia mezani nakirudia hapa, kwa maana si wewe peke yako uliyepewa saa ya namna hii: si Rolex.

Kioo cha nyuma peke yake kilitosha kuniambia. Submariner, saa ya Rolex ya wapiga mbizi, haijawahi kutoka kiwandani ikiwa na mgongo wa kioo. Mgongo wake ni chuma kitupu, huoni kitu. Zipo Rolex chache za miaka ya karibuni zenye kioo nyuma, lakini hiyo haimo. Wanaoiga hukiweka kwa sababu wanajua mnunuzi akiona magurudumu yanacheza moyo wake unatulia.

Geuza upande wa mbele. Juu ya tarehe kuna kilenzi kimebandikwa kwenye kioo. Cha kweli kinakuza tarehe mara 2.5, namba inakaribia kujaza dirisha lake. Kwako namba imebaki kadogo na imeelemea kushoto. Halafu shika ile pete ya nje yenye namba za dakika. Kwenye Submariner za sasa inazunguka upande mmoja tu, na ukihesabu milio yake mzunguko mzima unapata 120. Yako inakwenda mbele na nyuma kama mfuniko wa chupa uliolegea.

Kuhusu mshale kuteleza, hapa wengi wanaumia. Saa ya betri kwa kawaida hurusha mshale mara moja kila sekunde, basi mtaani ikawa kanuni: ukiruka ni feki, ukiteleza ni orijino. Nusu ya kwanza ina maana, kwa sababu Submariner si saa ya betri. Nusu ya pili si kweli hata kidogo. Submariner za sasa hupiga mara 8 kwa sekunde, ndiyo maana mshale unaonekana kuteleza. Mashine nyingi za bei ndogo zisizo za betri hupiga mara 6, na nyingine hizo hizo 8. Kwa macho tu huwezi kuzitenganisha.

Uzito nao usiutegemee. Mwaka 2007 nilimwambia mteja saa yake ni halali kwa kuipima mkononi tu, bila kuifungua, kwa kuwa jioni ilikuwa imeingia na nilikuwa nafunga meza. Akaiuza kwa neno langu. Mnunuzi alipoipeleka kwa fundi mwingine ikaonekana ni feki, na ndugu yule alilazimika kurudisha fedha ambayo alikuwa ameshalipia ada ya mtoto. Nilimchangia nilichoweza. Tangu siku hiyo sitoi neno juu ya saa yoyote kabla sijatoa mfuniko.

Wako tuliutoa pamoja, uliona mwenyewe. Mashine ilikuwa ndogo kuliko nyumba yake, imezungushiwa pete ya plastiki nyeupe ili isicheze. Rolex hawashikilii mashine kwa plastiki. Na maandishi kwenye kile chuma kinachozunguka, ukiyaweka chini ya lenzi, kingo zake zimevuja rangi kama mhuri uliolowa. Chini ya lenzi ndipo saa ya kweli na ya uongo zinapoachana: kazi ya kweli haina kona iliyosahauliwa, hata mahali ambapo mwenye saa hataona maisha yake yote.

Milioni mbili usiichukue kwa jina la Rolex. Submariner halisi ya chuma, ikiwa mpya, inapita shilingi milioni 20. Anayekupa mbili ama anajua ni feki na ana mtu wa kumbambikia, ama hajui na kesho atakutafuta. Na kuuza bidhaa yenye alama ya kuigwa ni kosa kisheria, Tume ya Ushindani hukamata mali hiyo. Mgeni wako usimfikirie vibaya, huenda naye aliuziwa akiamini.

Ivae, inakwenda vizuri. Ila ile mita 300 iliyoandikwa usoni usiiamini. Raba ya mfuniko nimeiona, nyembamba kama uzi. Mvua ikiwakuta msituni, ivue uiweke ndani ya mfuko wa nailoni.

Nina saa tatu za otomatiki, navaa moja moja. Nimeambiwa nisiponunua kisanduku cha umeme cha kuzizungusha zitakufa. Ni kweli?
*Msomaji wa Njiro, Arusha*

Hapana. Saa ya otomatiki hujikaza kwa mwendo wa mkono; kusimama kwake si ugonjwa, ni kulala tu. Itikise, weka majira, vaa. Hela ya kisanduku iweke kwa ajili ya kuzisafisha na kuzitia mafuta kila baada ya miaka mitano hivi, maana mafuta hukauka hata kwenye saa isiyovaliwa. Kwa vumbi letu la kiangazi usivuke muda huo.

Shikamoo baba. Mimi ni mshonaji wa Majengo, hapa Moshi. Marehemu baba aliniachia Seiko 5. Mama anasema aliinunua Nairobi mwaka 1999. Yeye ilimtumikia bila kusimama. Mimi naivaa mchana kutwa, lakini karibu kila alfajiri naikuta imesimama. Tena wiki hizi mbili inakimbia, dakika 15 kwa siku. Mjomba anasema ni feki, kwamba baba hakuwa mtu wa kuwa na saa ya kweli. Naomba ukweli.
*Binti yake*

Marahaba, mwanangu. Naanza na la mjomba, kwa kuwa niliona ndilo linalokuuma.

Saa ya baba yako ni ya kweli. Nyuma imechongwa 7S26, hilo ni jina la mashine, na Seiko walianza kuitoa mwaka 1996. Chini kabisa ya uso, kwa herufi ndogo unazohitaji lenzi kuzisoma, imeandikwa 7S26 vilevile. Nilipofungua, mashine nayo ni 7S26. Vitu vitatu vinasema neno moja. Zile zilizounganishwa kwa vipuri vya saa tano na kupakwa uso upya hukosana hapo. Kisha namba ya mfululizo inaanza na 8D. Kwa Seiko tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, na ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 kwa Januari hadi Septemba, kisha herufi O, N na D kwa miezi mitatu ya mwisho. Desemba, mwaka unaoishia na 8. Kwa kuwa 1988 mashine hiyo haikuwepo, na 1999 baba yako alikuwa ameshainunua, ni Desemba 1998. Mama yako anakumbuka sawasawa. Mwambie mjomba aje, nitamshikia lenzi asome mwenyewe.

Sasa kusimama. Ndani kuna kipande cha chuma mfano wa nusu mwezi. Mkono ukitembea kinazunguka, na kuzunguka kwake ndiko kunakokaza kamani, ile springi inayoiendesha saa. Huko ndiko kutiwa ufunguo kwa saa hii, na 7S26 haina njia nyingine: kile kitufe cha pembeni hakiikazi kabisa, ni cha kuwekea majira na tarehe tu. Baba yako alitembea shambani kutwa. Wewe unakaa kwenye cherehani, mguu ndio unaofanya kazi, mkono wa kushoto umelala juu ya kitambaa ukikisukuma polepole. Saa inashiba robo, usiku inaishiwa.

Asubuhi kabla ya kuvaa, ishike usawa, uso juu, uipeleke kulia na kushoto taratibu kwa nusu dakika hivi. Jioni kabla ya kuivua fanya tena. Usiogope kuzidisha: kamani ikijaa, ncha yake inateleza ndani ya kopo lake, haikatiki. Ikishiba inakwenda saa 40 hivi. Ukifanya hivyo kwa wiki nzima na bado inakufa usiku, niletee, hapo tatizo litakuwa mafuta.

Kukimbia kulinisumbua zaidi. Sekunde 20 au 30 kwa siku ningekwambia ni kawaida yake. Dakika 15 ni nyingi mno. Nikakuuliza usiku unaiweka wapi, ukasema mezani kwenye kisahani cha pini. Kile kisahani kina sumaku chini! Ndani ya saa kuna springi nyembamba kama unywele, imejiviringa, inapumua ndani na nje. Ikishikwa na sumaku mizunguko yake inagandana, springi inakuwa kana kwamba imefupishwa, na pumzi zinakwenda mbio. Uliona nilivyoisogeza karibu na dira, sindano ikageuka kuifuata. Nimeitoa sumaku kwa kifaa changu na sindano sasa imetulia. Iweke mbali na kisahani hicho, na mbali na spika ya redio pia.

Saa yangu inabadilisha tarehe saa sita mchana. Nifanye nini?
*Msomaji wa Sakina, Arusha*

Imewekwa nusu siku nyuma au mbele. Vuta kitufe hadi mwisho, peleka mishale mbele mzunguko mmoja kamili wa saa 12, basi. Ukitaka kurekebisha tarehe yenyewe kwa kitufe, usifanye wakati saa yako iko kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Muda huo meno ya tarehe yameshashikana, ukilazimisha yanavunjika. Sogeza kwanza mishale hadi saa kumi na mbili na nusu, yote miwili ikitazama chini, ndipo ubadilishe.