Maswali ya Wasomaji: Basi Jipya au Rangi Mpya?

Swali: Kampuni ya mabasi ya mkoa wetu imeacha rangi ya bluu na kuingia nyeupe yenye mistari myekundu, na inatangaza mabasi mapya. Nashuku mengine ni yaleyale yaliyopigwa rangi upya. Nitayajuaje?

Jibu: Tazama mahali ambapo mpiga rangi hufanya haraka. Buti inapofunguliwa kupakia mizigo, angalia nyuma ya bawaba na ukingo wa ndani wa mlango wake. Rangi ya zamani hujificha huko, na hata ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Kisha chunguza raba za vioo. Kiwandani bodi kwa kawaida hupigwa rangi kabla ya vioo kuwekwa, hivyo raba hubaki nyeusi tupu. Ukiona uzi mwembamba wa rangi umepanda juu ya raba, basi hilo limepigwa rangi likiwa na vioo vyake.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ni vibao. Mabasi mengi makubwa hutengenezwa na kampuni mbili: chasisi (fremu ya chini inayobeba bodi) ya Scania au Volvo, kwa mfano, inaweza kubeba bodi ya Marcopolo au Irizar. Kila mtengenezaji huweka kibao chake, na miaka inaweza kutofautiana, kwa kuwa bodi mpya huweza kujengwa juu ya chasisi ya zamani. Hapo msafiri anakalia kiti kipya, lakini breki na fremu zina umri wao. Swali la kuiuliza kampuni, kwa hiyo, ni chasisi ni ya mwaka gani.

Namba ya chasisi ina tarakimu na herufi 17. Kwa watengenezaji wanaofuata utaratibu wa Marekani, ya 10 huonyesha mwaka: A ni 2010, L ni 2020. Watengenezaji wengi wa Ulaya hawaufuati, kwa hiyo usihukumu kwa herufi hiyo peke yake. Lebo iliyoshonwa kwenye mkanda wa kiti nayo mara nyingi huwa na tarehe. Tairi achana nalo: namba kama 2319 iliyoandikwa juu yake maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na huo ni umri wa tairi tu.

Swali: Stika za mabasi yetu zinabanduka kwenye mikunjo ya bodi na juu ya riveti, ilhali sehemu bapa ziko salama. Kosa ni la gundi?

Jibu: Mara nyingi kosa ni la filamu, yaani plastiki nyembamba ya stika yenyewe. Ile ya bei nafuu, yenye unene wa mikroni 70 hadi 100 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), hutengenezwa kwa kubanwa kati ya rola. Ukiivuta kwenye mkunjo hutaka kurudi ilivyokuwa. Kwenye mikunjo na riveti tumieni filamu ya kumiminwa, yenye mikroni 50 hivi. Safisheni mafuta kwa alkoholi ya isopropili na kufuta kabla haijakauka. Mkishabandika, pasheni moto sehemu zilizovutwa hadi kiwango alichotaja mtengenezaji wa filamu; hatua hiyo ndiyo inayoiua hamu ya kurudi, na ndiyo mafundi wengi huiruka. Kateni filamu kwenye kila mwanya wa mlango wa buti, msiivushe juu yake.

Rangi mbichi isifunikwe: viyeyushi vinavyotoka huinua malengelenge. Na wakati wa kuosha kwa presha, maji yapige bodi moja kwa moja, yasiingie kwa pembeni chini ya ukingo wa stika.