Kushinda na njaa mchana, kufakamia usiku: je, inaleta ugonjwa wa sukari?

Dada mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, aliuliza hapa, nafupisha: mdogo wake wa kike ana miaka 24. Mchana hali kitu, anasema amefunga au hana njaa. Usiku wenzake wakishalala anamaliza bugali yote iliyobaki, mkate, hata sukari kwa kijiko. Anakula haraka mpaka tumbo linamuuma, kisha analia, na siku nyingine anajitapisha. Asubuhi moja alipimwa sukari kwa kidole, ikatoka 118 mg/dl. Dada anataka kujua kama ulaji huo unaweza kuleta ugonjwa wa sukari, na kama wamkataze bugali kuanzia sasa.

Dada, la kwanza ni ndiyo, unaweza kuchangia. La pili ni hapana, msimkataze bugali. Naanza na la pili kwa sababu hapo ndipo familia nyingi zinaharibu kwa nia njema. Mtu wa namna hii anafakamia usiku kwa sababu ameshinda na njaa, na anashinda na njaa kwa sababu ana haya ya alichokula usiku. Ukimwekea katazo jipya, unaongeza njaa na haya kwa pamoja. Atatii siku tatu au nne, kisha usiku wa tano atakula zaidi ya mwanzo, na safari hii atajificha vizuri zaidi.

Sasa kuhusu sukari yenyewe. Kisukari aina ya pili hakina chanzo kimoja: kuna ukoo, umri, mafuta ya tumboni, kukaa bila kutembea, na kwa mama, sukari iliyopanda wakati wa mimba. Ulaji wa kupindukia unajiunga na hayo. Wenye ugonjwa wa kula kupindukia, na wenye bulimia (wanaofakamia kisha wanajitapisha), wanaonekana kupata kisukari aina ya pili zaidi kuliko watu wengine. Sehemu kubwa inapitia kwenye uzito, lakini mpangilio wa chakula nao una kazi yake.

Angalia kinachotokea mwilini. Mtu aliyekaa saa 14 bila chakula, mwili wake umegeukia kuchoma mafuta, damu imejaa asidi za mafuta, na misuli inachelewa kupokea sukari. Ukiumwagia mwili huo bugali ya watu watatu na soda juu yake, sukari inapanda kuliko ambavyo ingepanda chakula hichohicho kikigawanywa katika milo mitatu. Kongosho linalazimika kutoa kwa mkupuo insulini nyingi, ile homoni inayoshusha sukari. Kinachozidi kinageuzwa kuwa mafuta na kwenda kukaa kwenye ini na kuzunguka matumbo. Ini lenye mafuta haliisikii insulini vizuri, linaendelea kumwaga sukari kwenye damu hata mtu akiwa amelala. Ndiyo maana kwa watu wengi wa namna hii sukari ya asubuhi ni kati ya zinazoanza kupanda mapema. Ongeza usingizi uliokatika, nao peke yake unapunguza nguvu ya insulini. Miaka ikipita, na kama kwenu kuna kisukari, kongosho linashindwa kufuata mwendo huo.

Kujitapisha hakumkingi. Wengi wanaamini kila kilichoingia kimetoka, lakini sehemu nzuri ya chakula inakuwa imeshapita tumboni, insulini imeshatolewa, na baada ya muda njaa inarudi kali. Dawa za kujiharisha hazisaidii hata kidogo, maana zinafanya kazi kwenye utumbo mpana, mahali ambapo chakula kimeshanyonywa. Kinachotoka ni maji na potasiamu. Potasiamu ikishuka sana, moyo unapiga ovyo na unaweza kusimama. Kwa hiyo kwa anayetapika mara kwa mara, kipimo cha ionograme (cha potasiamu na chumvi nyingine kwenye damu) kinahitajika haraka kuliko cha sukari. Meno pia: asipige mswaki papo hapo baada ya kutapika, asidi imelainisha jino na brashi italikwangua. Asukutue kwa maji yenye bikaboneti kidogo, asubiri nusu saa hadi saa nzima.

Anoreksia ni habari nyingine. Anayejinyima hadi kukonda sana, kwa kawaida sukari yake iko chini, na hatari yake kubwa ni moyo na kuanguka kwa sukari. Huyo msimrundikie chakula ghafla nyumbani. Akianza kula kingi baada ya njaa ndefu, fosfati kwenye damu inaweza kuporomoka na kumuua. Analishwa hospitali, kidogo kidogo, damu ikipimwa.

Na kwetu Bukavu lazima niseme hili: njaa ya kukosa si ugonjwa wa ulaji. Nyumba inayopika mara moja jioni kwa sababu pesa ni hiyo haina mgonjwa. Lakini mwili hauulizi sababu, na mahali chakula hakina uhakika, tabia ya kufakamia kinapopatikana huonekana zaidi. Hapa kwetu Kivu ya Kusini, watu wazima waliotibiwa utapiamlo mkali katika hospitali ya Lwiro walipokuwa watoto walifuatiliwa, na wakaonekana kuwa na mafuta ya tumboni zaidi kuliko wenzao wasioupata. Kwa hiyo ukimpeleka mdogo wako kwa munganga (daktari), mwambie pia kama utotoni aliugua utapiamlo.

Utajuaje kama ni ugonjwa na si uroho? Ulaji wa kupindukia umepewa jina lake katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani tangu mwaka 2013. Mgonjwa anakula, katika muda kama wa saa mbili, kingi kuliko ambavyo wengi wangekula, na anahisi hawezi kujizuia. Inarudi angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Anakula haraka, hata bila njaa, kwa kujificha, anabaki na haya. Akiwa pia anajitapisha, au anafunga makusudi ili kufidia, inaelekea kuwa bulimia. Uzito hauonyeshi kitu: wengine ni wanene, wengine wa kawaida kabisa. Na kwa sababu kwetu unene unasifiwa, msichana anayenenepa kwa njia hii anapongezwa, hakuna anayemuuliza.

Turudi kwenye ile 118. Kipimo cha asubuhi kinataka angalau saa 8 bila kitu zaidi ya maji. Kama alikula saa sita usiku na akapimwa saa moja asubuhi, hiyo si glisemi (sukari ya damu) ya kufunga, msiisome hivyo. Muulizeni bila kumgombeza alikula mara ya mwisho saa ngapi, kisha rudieni. Anawe mikono kwa sabuni na kukausha, kwa maana kidole kilichomenya ndizi au embe kinadanganya mashine. Bandeleti (vijikaratasi vya kupimia) zilizokaa kwenye kopo lililo wazi nazo zinadanganya. Ili kuthibitisha ugonjwa, damu ichukuliwe kwenye mshipa, labo, si kidole.

Namba ni hizi. Glisemi ya kufunga ya 126 mg/dl au zaidi ni kisukari, lakini kama hana dalili inahitaji kipimo cha pili kuthibitisha. Kati ya 110 na 125 ni onyo kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, Wamarekani wanaanzia 100. Kwa hiyo kama 118 ilikuwa ya kweli, yuko kwenye onyo, hajaingia kwenye ugonjwa. Hemoglobini glike (HbA1c, inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu) ya 6.5% au zaidi ni kisukari, lakini kipimo hiki kina mitego kwetu: mwenye drepanositozi (selimundu), au aliyetoka kwenye malaria kali iliyovunja damu, kinatoka chini kuliko ukweli, na mwenye upungufu wa madini ya chuma kinaweza kutoka juu. Kile cha kunywa glukozi gramu 75 kina mtego mwingine ambao unamhusu mdogo wako moja kwa moja. Mtu aliyejinyima wanga siku kadhaa kabla, sukari yake inapanda uongo. Anatakiwa ale kawaida siku tatu, wanga angalau gramu 150 kwa siku, ndipo apimwe. Asiende labo akitoka kwenye maombi ya kufunga.

Kabla ya kulaumu chakula, fungueni mkoba wake mtafute vidonge. Deksametazoni inayouzwa kwa wasichana ili wanenepe inapandisha sukari yenyewe na inaongeza njaa. Siproheptadini, dawa ya mzio, nayo inaongeza njaa. Akiwa amemeza deksametazoni kwa wiki nyingi, asiache ghafla, mwili umesahau kutengeneza kotisoli (homoni) yake na anaweza kuzimia. Munganga ampunguzie taratibu.

Cha kufanya nyumbani ni kurudisha saa za kula. Hiyo ni dawa ya ulaji na ya sukari kwa wakati mmoja. Milo mitatu na vitu vidogo viwili kati yake, yasipite masaa manne bila kitu mchana. Saa moja asubuhi, chai yenye kijiko kimoja cha sukari, mkate na yai au karanga. Saa nne, ndizi moja. Saa saba, sahani: nusu mboga za majani (sombe au lengalenga), robo bugali kiasi cha ngumi yake, robo maharagi au sambaza (samaki wadogo). Saa kumi, nusu avoka. Saa moja jioni, sahani kama ya mchana. Bugali ya muhogo mtupu ni wanga karibu peke yake, ndiyo maana maharagi au sambaza vinahitajika pembeni ili shibe idumu. Soda ndiyo naikataa waziwazi: chupa ya santilita 33 ina sukari gramu 35 hivi, vijiko saba vya chai, na haishibishi.

Kama nyumba inapika mara moja tu, gaweni kabla ya kupakua. Wekeni sehemu yake ya asubuhi na ya mchana kwenye bakuli lenye kifuniko, yeye ajue ni yake. Inafanya kazi kuliko kufunga jikoni kwa kufuli, maana kufuli linamfundisha kuiba. Na baada ya usiku mbaya, asubuhi ale kama kawaida. Hili ndilo gumu kuliko yote, atataka kufidia kwa kufunga, na akifidia mzunguko umeanza upya. Kama ni kipindi cha maombi, mchungaji au imamu anaweza kuelezwa kwamba ni mgonjwa.

Daftari linasaidia: saa, alichokula, alikuwa na nani, alihisi nini kabla. Asihesabu kalori wala kujipima uzito kila siku. Uzito mara moja kwa wiki unatosha. Kutembea dakika 30 siku tano za wiki, na milima yetu hii, ni kazi tosha kwa misuli. Kupunguza uzito kwaweza kusubiri miezi michache, mpaka usiku utulie.

Dawa, kwa kifupi. Metformini, dawa ya kisukari, inakubalika kama munganga ataiona inahitajika, inamezwa na chakula, na inasimamishwa siku za kutapika sana au kuharisha. Glibenklamidi, nayo ya kisukari, ndiyo ninayoiogopa kwake. Inasukuma insulini hata kama hajala, na mtu anayeshinda na njaa au kutapika ataanguka. Sukari ikishuka chini ya 70, anywe maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Fluoksetini, dawa ya unyogovu, inasaidia bulimia kwa kipimo cha miligramu 60, kwa amri ya munganga tu. Olanzapini na amitriptilini, dawa za magonjwa ya akili, zinaongeza njaa, na olanzapini inapandisha sukari pia, kwa hiyo daktari wa akili na anayemtibu sukari wajuane. Kituo cha SOSAME hapa Bukavu kinapokea wagonjwa wa akili, kwa walioko Goma ni kituo cha Tulizo Letu. Nendeni naye, asiende peke yake.

Vipimo virudiwe baada ya miezi mitatu ya kula kwa saa. Akianza kukojoa usiku mara nyingi, kiu isiyoisha, kukonda huku anakula, msingoje miezi hiyo. Akizimia, moyo ukimdunda ovyo, akitapika damu, au akisema hataki kuishi, ni hospitali siku hiyohiyo.