Hakimu na mdaiwa wangu wamo grupu moja

SWALI: Shikamoo Mzee Karani. Msimu uliopita nilimkopesha mkulima mwenzangu mifuko 14 ya salfa ya kupulizia mikorosho, tukakubaliana atanilipa fedha za mnada zikiingia. Zimeingia, kazima simu. Nimefungua shauri la madai mahakama ya mwanzo. Ushahidi wangu ni meseji za WhatsApp na ujumbe wa sauti anakokiri deni. Juzi mpwa wangu kanionyesha kwamba mdaiwa na hakimu wamo grupu moja la waliosoma pamoja sekondari. Anataka kulitangaza Facebook kwamba hakimu kanunuliwa. Naogopa kusema, na kunyamaza naogopa vilevile. Nifanyeje?
Mama Salfa, Newala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpwa wako mzuie leo hii. Hana ushahidi wa rushwa. Ana orodha ya majina kwenye grupu. Akiandika uongo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kumgeuza yeye kuwa mshtakiwa. Na hakimu hawezi kumjibu huko. Yeye husemea hukumuni tu, huku watu ambao hawajasikia shahidi hata mmoja wakimtukana usiku kucha. Hilo linaniuma, maana nimewaona mahakimu waadilifu wakiteseka hivyo.

Lakini hofu yako si ya kipuuzi. Nilipokuwa karani wa mahakama Mtwara, hakimu wangu alikwenda Mikindani mwenyewe alfajiri kununua samaki, akalipa kabla hajachaguliwa samaki, asije akapewa mkubwa kwa heshima ya cheo. Baraza la kahawa hakukaa. Leo baraza limo mfukoni mwa hakimu, ndani ya simu, na anaweza kuingizwa kwenye grupu la msiba au la shule bila kuulizwa, akiwa hata hajui nani yumo.

Kwa hiyo kuwa grupu moja peke yake hakutoshi. Mahakama ya Juu ya Florida, Marekani, ilisema hivyo mwaka 2018 kuhusu urafiki wa Facebook kati ya jaji na wakili. Ila mwaka 2020 kule Wisconsin jambo lilikuwa jingine: jaji alikubali ombi la urafiki la mama mwenye shauri la malezi ya mtoto mbele yake, uamuzi ukiwa bado haujatoka, na baba hakuambiwa. Mama akashinda. Uamuzi ukatenguliwa, shauri likaenda kwa jaji mwingine. Tofauti ni kwamba mawasiliano yalianza shauri likiwa mezani, tena kwa siri.

Na hili mimi nalikumbuka zaidi kwa kuwa lilimhusu karani. Uingereza, 1923, mwendesha pikipiki alitiwa hatiani, na karani aliyeingia faragha na mahakimu alitoka ofisi ya mawakili iliyokuwa ikimdai fidia mtu huyohuyo kwa ajali ileile. Mahakimu walisema hawakumwuliza neno, wakaaminiwa. Hatia ikafutwa hata hivyo. Ndipo likatoka lile neno kwamba haki isitendeke tu, ionekane ikitendeka.

Basi tarehe ijayo, kabla ushahidi haujaanza kusikilizwa, simama, omba ruhusa, useme: “Mheshimiwa, nimeelezwa kwamba wewe na mdaiwa mmo grupu moja la WhatsApp. Naomba kufahamu kama mna ukaribu, na kama upo, naomba ujitoe.” Sema kwa adabu, mdaiwa akisikia, na uombe liandikwe kwenye mwenendo wa shauri. Usimpigie hakimu wala usimwandikie pembeni. Ukifanya hivyo utakuwa umefanya kilekile unachokilalamikia. Akikataa kujitoa, atatoa sababu. Ukishindwa, una siku 30 za kukata rufaa mahakama ya wilaya, na maneno yako yatakuwa yameandikwa.

Sasa meseji zako. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka hakimu apime zilivyotunzwa, kama hazijachezewa, na nani hasa aliyezituma. Kwa hiyo skrinishoti mbili tatu ni dhaifu. Usifute chochote, hata pale ulipomtukana. Tafuta mtu mwingine aliyezoea kuwasiliana na mdaiwa kwa namba hiyohiyo, na aliyeshuhudia mifuko ikipakiwa. Siku hiyo nenda na simu yenyewe, imejaa chaji, na huo ujumbe wa sauti uwe tayari kusikilizwa.