Mwanangu Hanitazami Usoni

Barua 4 kati ya zile tulizopokea kwa ajili ya ukurasa huu zinahusu macho ya watoto ambao hawajatimiza mwaka 1. Mtoto wa umri huo hawezi kusema anachokiona wala asichokiona, kwa hiyo mzazi ndiye shahidi wa kwanza, na walioandika barua hizi ni mashahidi makini. Tumezifupisha bila kuondoa maana.

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Nina binti wa wiki 10, mtoto wangu wa kwanza, aliyezaliwa baada ya kutimiza miezi. Ananyonya vizuri na uzito wake unaongezeka. Ninapouinamia uso wake ili tutazamane, macho yake hupita kando yangu kana kwamba sipo. Nikimwita, kwanza hutulia kabisa, kisha hutabasamu. Mama mkwe ananiambia kwamba watoto wengine huchelewa na kwamba nisiwe na haraka. Je, nisubiri?

JIBU: Mama, usisubiri. Nimelitanguliza jibu hilo kwa sababu maelezo yanayofuata ni marefu, nami nisingependa uyamalize kabla ya kuamua siku ya kwenda kliniki.

Mama mkwe hajakosea anaposema kwamba watoto hawafanani. Lakini katika kuona, tofauti hizo zina mipaka yake. Mtoto huzaliwa akiwa anaona, ingawa kwa ukungu. Kitu anachokiona vizuri zaidi ni kile kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, ambao ndio umbali uliopo kati ya macho yake na uso wa mama anayemnyonyesha. Uso wa binadamu humvutia kuliko karibu kila kitu kingine. Kufikia wiki ya 6 hadi ya 8, watoto wengi huukazia macho uso huo na kuujibu kwa tabasamu hata kama mwenye uso hakusema neno. Katika mwezi wa 3 hukifuata kwa macho kitu kinachosogea polepole, na kati ya mwezi wa 4 na wa 5 huanza kunyosha mkono ili kukishika wanachokiona. Kwa mtoto njiti, umri huu wote huhesabiwa kuanzia tarehe ambayo angepaswa kuzaliwa, lakini wewe umesema kwamba binti yako alitimiza miezi.

Umeandika kwa kupita tu kwamba hutulia na kutabasamu anapoisikia sauti yako. Hilo ndilo nililolizingatia kuliko yote, kwa maana linaonyesha kwamba anakutambua, anakufurahia, na masikio yake yanafanya kazi. Asichokijibu ni uso. Unaweza kulihakikisha jambo hilo nyumbani: subiri awe macho, ameshiba na ametulia, kisha msogelee kwenye mwanga mzuri hadi umbali wa sentimita 25, ukiwa kimya, na usogeze kichwa chako polepole upande mmoja halafu wa pili. Usimpungie mkono mbele ya macho, kwa sababu upepo wa mkono humfanya mtoto yeyote apepese kope, na mzazi hudanganyika akadhani kwamba ameona. Vilevile, kufumba macho anapomulikwa na mwanga mkali si ushahidi kwamba anauona uso. Angalia pia kama macho yanachezacheza huku na huko bila kutulia, kama mboni, yaani lile doa jeusi la katikati, ina rangi nyeupe au ya kijivu, na kama hugeukia dirishani penye mwanga. Uyaandike uliyoyaona pamoja na tarehe.

Sababu za hali hii ni nyingi, na baadhi yake si za kutisha. Wapo watoto ambao kuona kwao huchelewa tu kukomaa, na kufikia miezi 6 hivi huwa wamewafikia wenzao. Wapo wanaohitaji miwani yenye nguvu, na miwani ya watoto wa miezi michache ipo. Wengine wamezaliwa na mtoto wa jicho, yaani ukungu ndani ya lenzi, au wana hitilafu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, au macho yao ni mazima kabisa ila sehemu ya ubongo inayopokea picha iliumia, kwa mfano kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Hakuna bibi, jirani wala mzazi anayeweza kuzitenganisha sababu hizo kwa kutazama tu, na hata mimi siwezi kupitia barua.

Haraka inatokana na jambo moja ambalo wengi hawalijui: kuona hufunzwa. Watafiti David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walifunga jicho moja la vitoto vya paka katika kipindi cha mwanzo cha maisha yao. Walipolifungua baadaye, jicho lenyewe lilikuwa halina kasoro kubwa, lakini ubongo ulikuwa umezoea kutolitumia. Kwa binadamu kipindi hicho ni kirefu zaidi, ila wiki za mwanzo ndizo zenye uzito. Ndiyo maana mtoto wa jicho mzito katika jicho moja hupendekezwa uondolewe kabla au karibu na wiki ya 6, na wa macho yote mawili karibu na wiki ya 8. Binti yako ana wiki 10. Kama tatizo litakuwa ni hilo, matibabu bado yana faida kubwa, lakini sitaki ziongezeke wiki nyingine 10 za kungoja.

Ukifika kliniki, sema sentensi hii bila kuipamba: “Mwanangu hanitazami usoni.” Ukiambiwa urudi baada ya miezi, omba kwa heshima kwamba kabla hujaondoka, mboni zote mbili zimulikwe kwa kifaa cha macho ndani ya chumba chenye giza. Mwanga unapaswa kurudi kutoka ndani ya macho ukiwa na wekundu au rangi ya machungwa, na ulingane kushoto na kulia. Uchunguzi huo huchukua dakika chache na hauumizi. Usipolingana, au ukilingana lakini mtoto bado hatazami, mnahitaji daktari bingwa wa macho, ambaye atatia matone ya kupanua mboni, atatazama retina, na ataweza hata kupima nguvu ya miwani bila mtoto kujibu swali lolote.

SWALI: Tulimpiga picha mwanetu wa miezi 8 kwa flashi. Jicho moja lilitoka na mboni nyekundu, la pili likatoka jeupe kama la paka usiku. Tumerudia siku nyingine, na imetokea mara 3, jicho lile lile. Mtoto anacheza kama kawaida na hasikii maumivu.

JIBU: Mpelekeni kwa daktari wa macho ndani ya siku chache hizi, na mchukue simu yenye picha hizo.

Wekundu unaouona kwenye picha ni mwanga wa flashi unaorudi kutoka nyuma ya jicho, ambako kuna damu nyingi. Picha moja yenye mboni nyeupe huweza kutokea hata kwa jicho zima, mtoto anapotazama pembeni na flashi ikaangukia mahali neva ya jicho inapoingilia. Lakini mara 3, kwa siku tofauti, katika jicho lile lile, si jambo la kuliacha. Huenda ni mtoto wa jicho. Huenda ni retinoblastoma, saratani ya retina inayowapata watoto wadogo, wengi wao kabla ya miaka 5. Ni ugonjwa nadra, takriban mtoto 1 kati ya kila 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, na ukigunduliwa ukiwa bado ndani ya jicho, watoto wengi sana hupona, na mara nyingi jicho lenyewe huokolewa. Kutokuwa na maumivu kusiwatulize, kwa kuwa mwanzoni ugonjwa huo hauumi. Kama kuna mtu yeyote katika ukoo, upande wa baba au wa mama, aliyeondolewa jicho utotoni, mwambieni daktari hata asipouliza, kwani aina mojawapo ya ugonjwa huu hurithiwa na ndugu wa mtoto huyu nao watahitaji kuchunguzwa.

SWALI: Mtoto wangu wa miezi 2 macho yake wakati mwingine huelekea puani, mara nyingine hukaa sawa. Jicho la kushoto pia hutoa machozi na tongotongo kila asubuhi. Je, ni makengeza?

JIBU: Katika umri huo macho kupishana mara moja moja ni kawaida, na kwa watoto wengi huacha kabla ya mwezi wa 4. Yakiendelea kupishana baada ya hapo, au jicho moja likiwa limegeuka wakati wote hata sasa, aonwe na daktari, kwa sababu ubongo huweza kulipuuza jicho lililopinda mpaka likapoteza nguvu ya kuona. Machozi na tongotongo za jicho moja, jicho likiwa halina wekundu wala uvimbe, kwa kawaida husababishwa na mfereji wa machozi ambao haujafunguka. Mingi hufunguka yenyewe kabla ya mwaka 1. Safisha kwa pamba iliyolowekwa katika maji yaliyochemshwa na kupoa, na mwombe mhudumu wa afya akuonyeshe namna ya kukanda pembe ya jicho karibu na pua.

Hali zifuatazo hazingojei kesho. Mtoto anayetoa machozi, anayekimbia mwanga kwa kufinya macho, na ambaye jicho lake linaonekana kubwa au lina ukungu kwa mbele, huenda ana glakoma ya kuzaliwa nayo, yaani ugonjwa wa shinikizo kubwa ndani ya jicho. Na mtoto wa siku au wiki chache mwenye usaha mwingi na kope zilizovimba huenda ameambukizwa wakati wa kuzaliwa, na baadhi ya maambukizi hayo hutoboa kioo cha jicho, yaani sehemu angavu ya mbele, kwa muda mfupi. Usitie ndani ya jicho kitu chochote ambacho hakikutolewa na mhudumu wa afya, hata kama kimesifiwa na mtu unayempenda.

SWALI: Mwanetu wa kiume alizaliwa katika wiki ya 27 ya ujauzito. Sasa ana miezi 7, na madaktari wamesema retina zake ziliharibika. Anaona mwanga tu. Mke wangu anajilaumu. Pia analia kwamba mtoto hampendi, kwa sababu akiingia chumbani mtoto hunyamaza na kugeuza uso. Mimi kama baba sijui la kufanya.

JIBU: Baba, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja.

Nianze na lawama. Mishipa ya damu ya retina humaliza kukua karibu na mwisho wa ujauzito. Mtoto anapozaliwa katika wiki ya 27, kazi hiyo iko katikati, na mishipa huweza kukua kwa mpangilio mbaya hadi ikaivuta retina. Haikutokana na alichokula mama, alichobeba wala alichowaza. Mwambie hivyo, na umwambie tena wiki ijayo, kwa maana neno hili halisikiki mara ya kwanza.

Sasa huko kunyamaza. Mtoto anayeona humsikia mama, humgeukia, humtazama. Wa kwenu anasikia hatua, kisha anazuia kila mjongeo ili asikie vizuri zaidi, na uso unageuka kwa sababu anatega sikio. Mke wako anaona mtoto anayemkataa, kumbe ni mtoto aliyeacha kila kitu kwa ajili yake. Selma Fraiberg, mtafiti wa Marekani aliyewafuatilia watoto wachanga wasioona katika miaka ya 1960 na 1970, aliona kwamba nyuso za watoto hao husema machache, na kwamba wazazi waliojifunza kutazama mikono walianza kuwaelewa watoto wao. Uso umetulia, lakini vidole vinapapasa, vinatafuta, vinafumba na kufumbua. Huko ndiko aliko mwanao.

Msimnyanyue ghafla. Semeni naye kutoka mlangoni, mtajeni kwa jina, mguseni mkono, ndipo mmbebe. Kabla ya kumwogesha, apapase maji kwanza. Mpe mwanasesere mmoja mwenye mlio, amshike kwa mikono yote miwili, kisha umlize, kwa sababu kwa mtoto asiyeona mlio pekee haumaanishi bado kwamba kuna kitu pale cha kushika. Kunyosha mkono kuifuata sauti huja kwa kuchelewa, mara nyingi karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza, na kutambaa huchelewa vivyo hivyo kwa kuwa hakuna anachokiona mbele cha kumvuta. Msiuhesabu ucheleweshaji huo kuwa udhaifu wa akili. Akichukia kulala kifudifudi, mlaze juu ya kifua chako huku ukizungumza, na shingo itapata nguvu. Akijizoesha kukandamiza macho kwa vidole, usimkaripie. Mpe mikono yake kazi nyingine.

Mwanga anaouona ni mali yake, utumieni. Chezeni karibu na dirisha, na wakati fulani wa jioni washeni taa moja upande mmoja wa chumba giza, mwone kama anaigeukia. Na msiache kwenda kliniki kwa kudhani kwamba hakuna tena cha kutibiwa, kwani macho ya watoto njiti huweza kupata glakoma miaka kadhaa baadaye. Ulizieni pia huduma za watoto wasioona mapema, msingoje umri wa shule.

Leo usiku mwambie mkeo aketi kando ya kitanda, aseme jina la mtoto kwa sauti ya chini, na aweke kidole chake katika kiganja kile kidogo. Asiutazame uso. Autazame mkono, aone utakavyomshika.